Nani Alimfundisha Mwajiri Kusoma Vyeti?

Tangazo la nafasi ya udereva serikalini Tanzania kwa kawaida hutaka karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti cha kumaliza kidato cha nne. Ya pili ni leseni ya daraja la E au C, pamoja na uzoefu wa kuendesha bila kusababisha ajali. Ya tatu ni cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Leseni inasema mtu huyu ameruhusiwa kushika usukani, na cheti cha chuo kinasema amefundishwa. Cheti cha kidato cha nne kinasema alifanya mtihani wa historia, baiolojia na jiografia, mambo ambayo gari halimwulizi dereva hata siku moja. Hata hivyo ndicho kinachotajwa mwanzo, na asiyekuwa nacho hafikii hatua ya kuulizwa mengine. Maelezo tunayoyasikia mara nyingi ni kwamba jamii yetu inadharau kazi za mikono na waajiri wetu wanapenda makaratasi. Maelezo hayo hayanitoshelezi. Tukifuatilia historia ya cheti cha ufundi Afrika Mashariki kwa miaka mia hivi, tunakuta kwamba mwajiri hakuzaliwa na mapenzi hayo, bali alifundishwa. Mwalimu wake alikuwa Serikali, kwa njia ya madaftari yake ya mishahara.

Kabla ya karatasi, ufundi wa pwani ulikuwa na utaratibu wake. Kijana alikabidhiwa kwa fundi seremala, mwashi, mhunzi au mjenzi wa majahazi, akatumwa na kufundishwa kwa miaka, na alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba, ada ya heshima ya kumalizia. Baada ya hapo jina la fundi aliyemlea lilikuwa ndilo cheti chake. Mwenye nyumba wa Lamu au Unguja aliyetaka mlango wa nakshi aliuliza kijana huyu ametoka kwa nani, kisha akaenda kuangalia milango aliyokwisha kuichonga. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kubwa: anayempima mtu ni mjuzi wa kazi yenyewe, na kazi iko wazi mbele ya macho. Udhaifu wake nao haukuwa mdogo, na si haki kuusahau kwa kuipenda kale yetu. Mtoto asiye na mjomba fundi hakuwa na mlango wa kuingilia, na sifa ya fundi haikuvuka mbali na mji wake. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868 na kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani useremala na uhunzi, waliwapa ufundi watoto wasiokuwa na ukoo wa kuwaombea nafasi kwa fundi yeyote. Haja ya ushahidi unaoweza kusafiri bila ndugu wa kuusindikiza ilikuwa imekwisha kuonekana.

Reli ndiyo iliyoigeuza haja hiyo kuwa ya lazima. Wajenzi wa reli ya Uganda waliletwa kutoka Bara Hindi, vibarua wa mkataba wapatao elfu 32 kati ya mwaka 1896 na 1901, na waashi na wahunzi wakiwamo. Kwa miongo iliyofuata, fundi machoni pa ofisi nyingi za Kenya na Uganda alikuwa Mhindi, na Mwafrika alikuwa wa kubeba tu. Karatasi ya kwanza ya kazi ambayo Waafrika wengi wa Kenya waliishika haikuwa cheti cha ujuzi. Ilikuwa kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu miaka minne au mitano baadaye. Kilitiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, siku ya kuacha, na mshahara aliolipa, na asipotia saini mfanyakazi hakuwa huru kwenda kwingine. Kwa kuwa mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa, mwajiri mpya hakuwa na sababu ya kutoa zaidi. Seremala aliyejifunza kupima, kukata na kuunga akiwa kibarua wa shilingi chache alibaki na shilingi zake chache, kwa sababu karatasi ilitaja bei yake ikaacha uwezo wake. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande miaka ya mwanzo ya 1920, na waliona sawasawa kilikuwa cha nani. Kilikuwa ushahidi wa mwajiri mmoja kwa mwajiri mwenzake, na mwenye kukivaa hakuwa na neno ndani yake.

Katika miaka hiyohiyo Serikali za kikoloni zilianza kufundisha mafundi. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na masomo yake yalikuwa useremala, ujenzi na umekanika. Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kilifunguliwa mwaka 1924 chuo cha serikali cha kuwafundisha Waafrika uashi, useremala na uhunzi. Inafaa kuitafakari hatima ya Makerere. Ndani ya miaka michache masomo ya ukarani, udaktari na ualimu yaliingia, ufundi ukasogezwa pembeni, na mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Hakuna haja ya kudhani kwamba vijana wa Uganda waliuchukia msumeno. Walihesabu. Karani wa serikali alikuwa na ngazi ya mshahara, likizo, nyumba na pensheni, na seremala wa serikali alilipwa kwa siku. Zaidi ya hayo, ngazi zenyewe zilipangwa kwa rangi. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali na kuripoti mwaka 1948, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Cheti kilekile, mkononi mwa watu wawili, kilikuwa na bei mbili. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 iliiondoa kanuni hiyo ya rangi, ikaweka mahali pake ngazi zilizofungwa kwenye elimu na sifa za kitaaluma, na kuacha nyongeza ya kuwavutia watumishi kutoka Ulaya. Ilikuwa hatua ya haki. Lakini tuangalie ilichokifanya kwa fundi: ukuta wa rangi ulibomolewa, na ukuta uliojengwa palepale ulikuwa wa shule. Kwa mtoto wa Kiafrika mwaka 1955, njia pekee iliyothibitika ya kupita ukuta huo ilikuwa cheti cha Cambridge, na timazi haikuwa na nafasi hapo.

Sambamba na hayo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kulikua kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho bora zaidi kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo katika kupima ufundi, nacho ni majaribio ya ufundi, yale ambayo Wakenya huyaita grade test na Watanzania waliyajua kwa jina la trade test. Vita vilikuwa vimeonyesha jambo ambalo waajiri walowezi hawakutaka kulisikia. Jeshi lilikuwa limefundisha maelfu ya askari wa Kiafrika udereva, umekanika na kazi za simu za upepo kwa miezi michache, na magari yalikwenda. Idara za kazi zilihitaji namna ya kuwatambua watu wa aina hiyo, ambao walijua kazi bila kupita shule. Majaribio yaliwekwa katika madaraja matatu, la tatu likiwa la chini na la kwanza likiwa la juu. Fundi alipewa kazi ya kufanya mbele ya mkaguzi. Mwashi alijenga, na ukuta wake ukapimwa kwa timazi na pimamaji. Mchomeleaji aliunga chuma, na kiungo kikaangaliwa. Maswali ya nadharia yalikuwepo, zaidi katika madaraja ya juu, lakini swali kuu lilikuwa moja: unaweza kufanya nini? Aliyejifunza chuoni na aliyejifunza chini ya mwembe walisimama mbele ya mkaguzi mmoja. Mambo mawili yaliyokuwa yametengana kwa nusu karne yalikutana hapo. Kulikuwa na jicho la mjuzi linaloangalia kazi, kama kwa fundi wa pwani, na kulikuwa na karatasi inayoweza kusafiri kutoka Kisumu hadi Mombasa bila mjomba.

Kenya ilikwenda mbele hatua moja zaidi, na hatua hiyo ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Iliyaingiza madaraja hayo ndani ya amri za kima cha chini cha mshahara. Ukisoma jedwali la mishahara la Kenya, baada ya vibarua wa kawaida, walinzi na makarani, utakuta mistari ya fundi asiye na daraja, fundi wa daraja la tatu, la pili, na la kwanza, kila mmoja na kiwango chake. Mwenye gereji wa Industrial Area, Nairobi, anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu elimu, lakini mfanyakazi wake akifaulu daraja la pili, sheria inamtaka alipe zaidi. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake maarufu kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, ile iliyoifanya dunia itambue kwamba watu waliokuwa wakihesabiwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi usiku na mchana, vijana wa jua kali, yaani mafundi wa mitaani wasio rasmi, walikuwa tayari na njia hii mbele yao, nao waliitumia. Mtu aliyejifunza Gikomba au Kamukunji aliweza kwenda kufanya jaribio, akapata daraja, akaomba kazi kiwandani. Hakuna aliyewahubiria waajiri wa Kenya waheshimu kazi ya mikono. Daraja la cheti lilifungwa kwenye mshahara, na kwa hiyo likawa na maana kwa pande zote mbili.

Kwa nini basi njia hii haikuitawala Afrika Mashariki nzima? Uhuru ulileta haja ya haraka ya kujaza ofisi, na ofisi zilijazwa kwa vyeti vya shule. Angalia shule za ufundi za Tanganyika. Ifunda, karibu na Iringa, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, ili kutoa waashi, maseremala na mafundi magari. Moshi ilifuata mwaka 1957. Katika miaka ya baada ya uhuru zote mbili ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi, na mhitimu wake akawa mtahiniwa wa kidato cha nne anayewania kidato cha tano. Taasisi ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1951 ili kuwapa vijana wa pwani kazi za mitambo na ubaharia, ikawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Dar Tech, iliyoanza mwaka 1957, sasa ni DIT na inatoa shahada. Kila chuo kilichozaliwa kwa ajili ya fundi mchundo kilipanda kwenda kwa fundi sanifu, kisha kwa mhandisi, na nyuma yake kikaacha pengo ambalo ilibidi lijengewe chuo kingine, ambacho nacho kikaanza kupanda. Siwalaumu wakuu wa vyuo hivyo. Bajeti, vyeo na heshima vilikuwa juu, na walivifuata kama wanafunzi wao walivyovifuata.

Wataalamu wawili wa nje waliliona jambo hili mapema. Philip Foster, akiandika mwaka 1965 kuhusu Ghana, alisema kwamba kuweka useremala ndani ya shule hakumfanyi mtoto atake kuwa seremala, maana mtoto anaangalia soko la ajira linalipa nini. Ronald Dore mwaka 1976 aliandika kitabu kuhusu ugonjwa wa vyeti, na Kenya ilikuwa miongoni mwa mifano yake. Alieleza jinsi mwajiri mwenye waombaji wengi anavyopandisha kiwango cha cheti bila kazi yenyewe kubadilika, na jinsi nchi zilizochelewa kuingia katika mbio hizi zinavyougua zaidi. Nakubaliana nao kwa mengi, lakini wote wawili wanamzungumzia mwajiri kana kwamba ni mmoja kati ya wengi. Katika Tanganyika na Kenya ya miaka ya 1960, Serikali, reli, bandari na mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa soko. Kampuni binafsi iliyotaka kumvuta karani au fundi ilibidi ijifunze kusema lugha ya ngazi za serikali.

Tanzania ilijaribu kuivunja lugha hiyo. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alikwisha kuandika dhidi ya mtihani unaompima mtoto kwa kitabu peke yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na aje na pendekezo kutoka kwa mwajiri wake na kutoka kwa chama tawala. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, iliyosimamisha mfumo wa taifa wa mafunzo na majaribio chini ya wizara ya kazi. Nia ilikuwa njema, ila barua ya pendekezo iliurudisha udhaifu wa zamani, kwa sababu hatima ya kijana ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayeweza kumpenda au kumchukia. Wanawake waliondolewa kwenye sharti hilo baada ya miaka michache, na baadaye sharti lenyewe likaachwa. Mfumo wa majaribio uliendelea, ukarithiwa na VETA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na waajiri wakatozwa kodi ya mafunzo kwa hesabu ya mishahara wanayolipa. Hapa kuna jambo la kushangaza. Mwajiri wa Tanzania anayetozwa kodi hiyo, iliyowekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, anauchangia mfumo wa ufundi stadi kila mwezi, na bado anaweza kumwajiri fundi bila kuangalia cheti kinachotokana na fedha zake.

Kuna pingamizi zito ambalo lazima lijibiwe. Linasema kwamba cheti cha shule, kwa upungufu wake wote, ndiyo kinga ya mtoto wa maskini. Mtihani wa taifa hausahihishwi na shangazi yako. Ukiruhusu mwajiri apime kwa macho, atawaona binamu zake ndio mafundi. Hili ni kweli, na historia ya kipande na ya barua za mapendekezo inalithibitisha. Lakini linachotetea ni mtahini asiye na upande, na hilo haliwi sababu ya kumpima mwashi kwa jiografia. Majaribio ya ufundi yalikuwa na mtahini huyo. Pingamizi la pili linasema kazi za leo zinataka nadharia. Gari lina kompyuta, mashine inakuja na kitabu, na asiyesoma vizuri atahatarisha watu. Nalo lina uzito, hasa katika umeme, ambako mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, hutoa leseni kwa madaraja, na ni vizuri zifanye hivyo. Lakini tunaona hapo kwamba pale usalama unapotiliwa maanani kweli, cheti cha jumla cha shule hakionekani kutosha, na anatafutwa mjuzi wa kupima ujuzi mahsusi. Nadharia inayohitajika inaweza kuulizwa ndani ya jaribio la kazi yenyewe. Wanaosema kidato cha nne ni kipimo cha uwezo wa kusoma maelekezo wangeweza kumpa mwombaji maelekezo ayasome.

Gharama ya kuchanganya vipimo hivi ilionekana wazi mwaka 2017. Aprili 28, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na akaagiza waondolewe. Kughushi ni kosa, na aliyeghushi cheti cha uuguzi ni hatari kwa wagonjwa. Lakini uhakiki huo ulijikita katika vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu, na katika wimbi lilelile walijikuta nje ya kazi watumishi wa darasa la saba, madereva na watendaji wa vijiji miongoni mwao, ambao hawakughushi chochote. Sharti la kidato cha nne kwa ajira mpya lilikuwa limewekwa Mei 2004, na walioajiriwa kabla ya hapo ilibidi warudishwe mwaka 2018. Dereva aliyeendesha gari la halmashauri miaka 15 salama alihitaji agizo la waziri ili ithibitike kwamba anaruhusiwa kuendelea kuendesha. Miaka 15 ya barabara haikuwa na safu ya kuandikwa katika faili lake.

Katika miaka ya karibuni Tanzania imeanzisha urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wa mtaani, aliyeanza akiwa saidia fundi au kijana wa kushika spana katika gereji, anapimwa na VETA, anaongezewa pale anapopungukiwa, na anapewa cheti. Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote, kwa kuwa unarudisha lile swali la zamani la unaweza kufanya nini. Wasiwasi wangu uko kwenye kinachofuata baada ya cheti. Mwashi aliyerasimishwa akisoma tangazo la serikali anakutana tena na kidato cha nne. Akienda kwa mkandarasi, amri ya kima cha chini cha mshahara inapanga ujenzi kwa daraja la mkandarasi, yaani daraja la kwanza, la pili hadi la nne, la tano hadi la saba, na ndani ya daraja la mkandarasi mwashi stadi na mbeba zege wana kima kimoja. Sheria imempima mwajiri na kumwacha fundi. Mistari mitatu katika jedwali hilo, kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza la fundi mwenyewe, ingemlazimu kila mkandarasi kuuliza cheti cha VETA kabla ya kuandika jina katika daftari la malipo, na kwa mara ya kwanza mwashi angekuwa na sababu ya pesa ya kwenda kupimwa.